Breki Nyekundu Siku ya Posa

Gari langu ni la kijivu, limezeeka, na mlango wake mmoja una rangi tofauti na milango mingine. Nalisema mwenyewe kabla hujalisema wewe. Ndilo linalobeba vitenge vyangu kutoka Koboko hadi kibanda changu sokoni Arua, na halijawahi kuniaibisha njiani. Lakini siku mdogo wangu aliponiambia kwamba nitawapeleka Dranya kwa posa yake, nilitoka nje, nikalitazama upya, nikaona haya.

Mdogo wangu huyo nimemlea mimi tangu tulipovuka mpaka kutoka Sudani Kusini. Sasa ni mwanamume mzima, fundi wa simu, na alikuwa amempenda binti wa kabila la Kakwa, wa Dranya upande wa Koboko. Binti naye alimpenda. Shida ilikuwa shangazi. Yeye ndiye aliyemlea binti, na wazee wa ukoo wao walitueleza wazi kwamba bila neno la shangazi hakuna posa. Tulipokwenda mara ya kwanza kujitambulisha, alikaa jikoni na hakutoka hata kutusalimu. Alituma ujumbe tu: watu waliokimbia mara moja watakimbia tena, na yeye hana nguvu ya kumtafuta mtoto wake ng'ambo ya mpaka. Mdogo wangu alirudi Arua akawa hali chakula vizuri, anajibu wateja nusunusu. Wazee walipotuita kwa mara nyingine, nilijua hii sasa ni ya kufa na kupona.

Kulipiga rangi gari zima kusingewezekana kwa siku zilizobaki. Nilichuchumaa kuangalia upepo wa matairi, na hapo, katikati ya nafasi za rimu, nikaona kile chuma kinachoibana diski ili gari lisimame. Mafundi wetu wanakiita kalipa. Kilikuwa na kutu na matope yaliyokauka tangu sijui lini. Nikamwambia mdogo wangu kwamba tunazipaka rangi kalipa hizi. Akaniuliza kama nina homa.

Dukani kwa vipuri kulikuwa na rangi moja tu inayostahimili joto la breki, nyekundu. Mdogo wangu alitaka bluu, lakini aliyetaka bluu hakuwa ameleta gari. Muuzaji aliniuliza kama naingia mashindano ya magari. Nikamjibu ndiyo, nashindana na shangazi mmoja huko Dranya.

Tulifanyia kazi uani kwetu. Tuliweka mawe nyuma ya matairi, tukalegeza nati gari likiwa bado chini, halafu tukapiga jeki na kuingiza magogo, maana jeki yangu siiamini hata kidogo. Mdogo wangu alipewa brashi ya waya. Alisugua mpaka kutu ikamwingia puani, akawa anapiga chafya na kuimba kwa pamoja. Mimi nilimfuata kwa kitambaa na dawa ya kusafishia breki, kwa sababu rangi haishiki juu ya grisi. Diski tuliifunika kwa gazeti na tepu, raba nazo vivyo hivyo. Rangi ikienea kwenye diski huna breki tena, una pambo.

Jirani yangu alikuja kuegemea ua. Alitazama kwa muda mrefu, kisha akasema kupaka rangi kitu kilichojificha nyuma ya tairi ni kama kupiga pasi chupi. Nikamwambia zangu zimepigwa pasi. Mdogo wangu alicheka mpaka brashi ikamponyoka ikaanguka mchangani, ikabidi tuioshe upya. Sikumbuki lini mara ya mwisho nilikuwa nimemsikia akicheka hivyo, na moyo wangu ulitulia kidogo.

Nilipaka mkono wa kwanza wa rangi, mwembamba. Yeye alipopewa upande wake alipaka kama anayepaka siagi, rangi ikaanza kuchuruzika, nikamfokea. Akasema nazilinda kalipa hizi kuliko ninavyomlinda yeye. Tukanywa chai kwa muhogo huku tukisubiri zikauke, tukapaka mkono wa pili, tukasubiri tena. Magurudumu ya nyuma hayana diski wala kalipa, yana dramu, breki zilizofunikwa kwa chuma kama sufuria, na nikaona haifai gari livae viatu vizuri mbele na vibovu nyuma, basi dramu nazo tukazipaka. Tuliporudisha matairi na kushusha jeki, ule wekundu ulichungulia kupitia rimu, safi, bila aibu. Nililizunguka gari mara kadhaa bila sababu. Nilifurahi kama mtu aliyeshona nguo yake mwenyewe ikamkaa.

Siku ya safari tulikuwa watatu: mimi kwenye usukani, mdogo wangu nyuma na shati lake jeupe, na mzee mmoja wa kanisa letu ambaye angekuwa msemaji wetu. Mvua ilikuwa imenyesha. Koboko nilisimama kwa vijana wanaoosha bodaboda kando ya barabara, nikawaomba waoshe matairi tu. Mzee aliangalia saa, akaangalia matairi, akanyamaza, kwa sababu ni mtu mwenye adabu.

Baada ya lami kuisha tulipita matope na madimbwi, na dimbwi la mwisho lilikuwa mlangoni kabisa mwa boma lao. Nililipitia taratibu, nikakanyaga breki uwanjani. Wazee walikuwa wamekaa kwenye viti. Shangazi safari hii alikuwa nje, amesimama mlangoni mwa jikoni, mikono kifuani, mwembamba, uso umefungwa. Nikasema moyoni, tumekwisha.

Lakini hakuwa ananitazama mimi. Alikuwa anatazama tairi langu la mbele. Breki zilikuwa za moto kutokana na njia, maji ya dimbwi yalikuwa yamezirukia, na mvuke ulikuwa unapanda kupitia rimu, juu ya ule wekundu uliokuwa unawaka juani.

"Moto iko kwa tairi," alisema, kisha akapiga kelele, "Tokeni!"

Karibu na mlango palikuwa na beseni na jerikani za maji ya wageni kunawa mikono. Alibeba beseni akalimwaga lote kwenye gurudumu. Mimi nilikuwa nimekwishafungua mlango na kutoa mguu mmoja, nikaloa mpaka gotini. Akarudi akashika jerikani ya kwanza. Akazunguka upande wa pili kwa mbio ambazo sikuzitegemea kwa umri wake, akaimwaga huko juu ya viatu vya mzee wetu, ambaye alikuwa anashuka kwa heshima zote. Jerikani ya pili ilimalizikia kwenye tairi la nyuma. Mdogo wangu alibaki ndani ya gari, ameshika vitasa viwili kwa mikono miwili, hajui atokee wapi.

Maji yakazama ardhini. Wekundu ulikuwa palepale. Nikasema kwa sauti ndogo, "Mama, iko rangi tu. Mimi nilipaka."

Aliinama, akaingiza kidole kati ya nafasi za rimu, akagusa, akanusa kidole. Wazee walitazama miguu yao. Nilimwona binti dirishani amejiziba mdomo, na mimi mwenyewe kicheko kilikuwa kimenifika kooni. Nilijua nikicheka nimeivunja posa ya mdogo wangu kwa mikono yangu, kwa hiyo nililiuma shavu langu kwa ndani mpaka likaniuma kwelikweli.

Shangazi alinyanyuka, akazitazama jerikani zilizolala chini. "Maji imeisha," alisema. Wanawake wengine wakasema watatuma watoto kisimani. Akakataa. Akatupa jerikani kwenye kiti cha nyuma, mdogo wangu akaruka nje kumpisha, naye akafungua mlango wa mbele na kuketi kando yangu. "Twende," akaniambia. Lugha yao si yetu, hivyo tulikutana kwenye Kiswahili.

Tuliondoka, mimi na yeye peke yetu. Kabla hatujafika mbali nikasikia kiti chake kinatikisika. Nikageuka. Alikuwa anacheka bila sauti, machozi yanamtoka, amejifunika uso kwa ncha ya kitenge. Hapo na mimi nikaachia. Nilisimamisha gari katikati ya njia, tukacheka mpaka tukachoka, tukitazamana tunaanza upya.

Alipopata sauti aliniambia kwamba marehemu mumewe alikuwa utingo wa lori, na siku moja breki ziliwaka mteremkoni wakiwa na magunia ya muhogo, na shangazi mwenyewe akiwa juu ya magunia hayo. Tangu siku hiyo akiona wekundu nyuma ya tairi hangoji kuuliza. Kisha akaniuliza kitu ambacho jirani yangu alikuwa amekigusia kwa dhihaka, lakini yeye aliuliza kwa kutaka kujua.

"Sasa kwa nini wewe napaka kitu mutu hawezi kuona?"

Ningeweza kujibu kwa mzaha, ndiyo desturi yangu. Nikamwambia ukweli. "Niliogopa, mama. Nilitafuta kitu ya kutengeneza, nikaona hiyo."

Alitazama njia. Akaniuliza kama tutarudi kwetu Sudani Kusini. Nilimwambia sijui, na kwamba sitamwahidi kitu nisichokijua. Ila popote mdogo wangu atakapokuwa na binti yake, mimi nitakuja na gari hili kumchukua yeye shangazi aende kuwaona, hata kama ni kila mwezi. Na nilimwambia pia kwamba mtoto huyo wa kiume nimemlea kama yeye alivyomlea wake, kwa hiyo usingizi anaoukosa naujua. Alinielekeza kwa mkono tu mahali pa kukata kona.

Kisimani palikuwa na wanawake wengi na jerikani zao zimepangwa foleni. Walisogea gari lilipofika, watoto wakakimbilia matairi. Mmoja wa wanawake alimuuliza shangazi, mbele yangu, gari hili ni la nani. Nilikuwa nimeshika jerikani, nikasimama nayo hivyohivyo, nimeganda.

"Iko ya wakwe yetu," shangazi alijibu, kisha akawageukia watoto. "Musiguse tairi. Wamepaka rangi."