Gari Lililomleta Binti Yangu Kimya

Mtoto wa kaka yangu alipoleta gari lake mara ya kwanza hapa Ruhuwiko, Songea, nilishtukia limesimama uani, nami sikuwa nimesikia kitu.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Umelisukuma kutoka wapi?"

Akacheka. "Linatumia petroli na umeme. Likienda polepole injini inazima, betri ndiyo inavuta. Na bado, shangazi. Yanakuja yasiyojua petroli kabisa, unachaji kama simu."

"Umeme ukikatika utalifunga ng'ombe?"

Alicheka mpaka akaegemea mlango. Nami nililipenda gari lile. Nililiona lina adabu.

Masika yaliyofuata binti yangu, mzaliwa wangu wa mwisho, alifia Tunduru alikokuwa akiuza korosho. Mtoto wa kaka akasema atamfuata yeye mwenyewe. Akalaza viti, akaenda. Wakiwa njiani, Namtumbo, akapiga simu kwamba wanakuja.

Sasa, kwetu maiti haingii nyumbani kama mgeni wa kawaida. Gari linasikika tangu linapoacha lami na kuanza kushuka huku, na sisi wanawake tunatoka jikoni nyuma ya nyumba, tunalipokea kwa kilio kabla halijasimama. Mama wa marehemu ndiye anayeanza. Wengine wanamngoja. Niliokwisha kuwapokea hivyo nawajua kwa majina, mmoja mmoja, lakini hapa siwataji, wana watoto wao.

Siku ile wanaume walikuwa makaburini wanachimba. Sisi tulikuwa nyuma tunachambua mchele, masikio yote barabarani. Hakuna aliyesema neno, tusije tukapitwa. Mimi nikainuka kufuata ungo mwingine ndani, nikapitia mbele.

Gari lilikuwa limeshafika. Mlango wa ubavuni uko wazi, jeneza linaonekana, kuku wanapita chini. Mtoto wa kaka amesimama pembeni, machozi yanamtoka, hajui amwite nani.

Nilifungua kinywa. Sauti haikuja. Wanawake wakatokea nyuma yangu, wakanitazama, wananingoja.

"Rudi naye barabarani," nikamwambia kijana. "Umlete tena, upige honi."

Wifi yangu akanishika mkono. "Wifi, maiti akishaingia uani harudishwi njiani. Unataka kumwita nani mwingine amfuate?"

"Sijampokea."

"Najua. Lakini ameshaingia."

Mtoto wa kaka alikuwa ameshashika usukani. Akautazama uso wa wifi, akautazama wangu, akateremka.

Wifi ndiye aliyeanza kilio. Alikianza vizuri, wenzake wakaitikia, nami sina lawama naye. Wakambeba binti yangu kumwingiza ndani, mimi nikifuata nyuma kimya kama jirani aliyekuja kusaidia vyombo.

Kilio changu kilikuja baadaye, baada ya matanga, watu wameshatawanyika. Nililia nikiwa shambani peke yangu. Lakini kule nilikuwa nalia tu. Sikuwa nampokea mtu.

Siku hizi magari ya namna ile yameongezeka hapa Songea. Mtoto wa kaka bado analo lake, na akija kunijulia hali hupiga honi tangu kwenye lami mpaka mlangoni. Majirani wananung'unika. Mimi hutoka, kilio kikiwa tayari, nikasimama pale uani. Anateremka yeye, na mfuko wa sukari mkononi, ananiamkia.