Punda wa Mama Lea na darubini mbili za Antipasi

Saa moja kasorobo jioni, Mitundu. Jua limezama nyuma ya vichaka vya Itigi, na Antipasi Gaspari, mwindaji, hana bunduki. Ameshika darubini mbili za bunduki, moja kila mkono, kama mtu anayechagua mihogo gulioni.

Mbele yake, ukingoni mwa shamba la mahindi, kuna vivuli viwili: punda aliyefungwa kamba na gunia la pumba. Mama Lea ndiye aliyeviweka, na ndiye atakayesema inunuliwe darubini ipi.

Antipasi ana miaka hamsini na miwili, na ndiye mlinzi wa mashamba wa kijiji hiki cha ujamaa. Bunduki ni ya kijiji, kazi yake ni kuzuia nguruwe pori. Mwezi uliopita, giza likiingia, alifyatua risasi kwenye mahindi yaliyokuwa yakitikisika. Aliyeanguka alikuwa punda wa Mama Lea, mjane aliyemtegemea mnyama huyo kwa kuteka maji.

"Niliona mgongo mweusi, masikio sikuyaona," anasema Antipasi. "Macho yangu ya jioni yamekwisha. Nilijua, nikanyamaza, niliogopa watanipokonya bunduki."

Kijiji kilimtafutia mama punda mwingine. Lakini tangu siku ile Antipasi akimwamkia, haitikii. Jamani, shikamoo isiyoitikiwa inaumiza! 

Mkutano wa kijiji uliamua kwamba atarudishiwa bunduki akipata darubini isiyozidi shilingi mia mbili, na Mama Lea aridhike nayo. Kefa, mfanyabiashara wa Itigi, akawaazima mbili zilizokwisha tumika, wazijaribu kwanza. Kubwa ni mia mbili kamili, ndogo mia na ishirini.

Mchana kijiji kizima kiliipenda kubwa, na mwandishi wa habari hizi pia. Inavuta vitu mno! Ukielekeza kwenye paa la ng'ambo, unaona hadi misumari ya bati.

"Mimi mwenyewe nilishaichagua," anacheka Antipasi. "Mama ndiye aliyesema, nguruwe hawaji mchana, tungoje jioni."

Sasa jioni imefika. Ninaitazama dunia kwa ile kubwa: jani moja, nene, jeusi. Punda yuko wapi? Sijui. Ile ndogo haivuti sana, lakini inaonyesha kichaka chote, na mwanga bado umo.

Mama Lea anaipokea hiyo ndogo, anafumba jicho moja. Anakawia. 

"Masikio nayaona," anasema hatimaye. "Na gunia ni gunia. Chukua hii."

"Asante, mama."

"Usinishukuru. Ukiniulia na huyu, usiniletee habari ya macho."

Anamfungua punda wake na kuondoka bila kuaga.

Antipasi anamtazama mpaka anapotelea njiani. Kesho ataifunga darubini, atapima shabaha, kisha jioni ataingia shambani. Nguruwe wameshakula robo ya mahindi, na mavuno bado wiki chache.

"Yakisalimika, debe la kwanza la fungu langu ni la mama," anasema. "Nitalibeba begani mwenyewe. Nitasimama mlangoni kwake niseme shikamoo, na debe sitalitua mpaka aitikie."