Pointi Moja Mbele ya Baba Mkwe

Jamani, naona aibu hata kusimulia, lakini kwa kuwa mchumba wangu Furaha ameshaanza kuwahadithia kwa chumvi zake, bora mnisikie mwenyewe: hapahapa Brussels niliwahi kuwa mchezaji na kocha wa mpira wa Australia, vyote kwa siku moja, na siku yenyewe haikuisha.

Ule mpira wenye umbo la yai, mnaudaka, mnakimbia nao, kila upande una nguzo nne (sisi tunaziita miti), na ukiupiga teke ukapita katikati unapata pointi sita. Mimi mtoto wa Tanga niliyezoea kudaka golini niliupenda tangu mazoezi ya kwanza! Kocha wetu, Mwaustralia mmoja, akapata safari, akaniachia timu na filimbi yake siku ya mechi, eti kwa sababu mimi ndiye mwenye sauti kubwa (sifa yenyewe hiyo!).

Ningebaki zangu pembeni nikipiga kelele, wala msingenicheka leo. Lakini kabla ya robo ya mwisho, tuko sare, namwona nani anaingia uwanjani kwetu pale mtaa wa Forest na suti yake ya misa? Baba yake Furaha, na Furaha mwenyewe nyuma yake! Mzee wa Bukavu, niliyekuwa nampelekea posa Jumapili inayofuata, naye alishasema wazi kwamba kabla ya kutoa jibu anataka kuona huyu kijana ana akili gani. Weee! Nikamtoa mchezaji mmoja, nikaingia mwenyewe. Acha aone!

Sasa, mchezo huu kila robo mnabadilishana upande. Mimi kichwani nina soka, tena robo nzima iliyopita nilikuwa nawapigia kelele, "Kwenye miti! Kwenye miti!" mpaka koo likakauka. Zimebaki sekunde chache, bado sare, mpira ukanidondokea mikononi, nikatimua mbio kuelekea kwenye miti, uwanja mzima unapiga mayowe, wenzangu wananifuata nyuma mikono juu (nikajua wananishangilia), hata wapinzani wananipisha, nikaachia teke, katikati kabisa! Nikavua jezi, nikapiga magoti mbele ya mzee.

Kumbe lile lilikuwa goli letu. Ukijifunga, wapinzani wanapewa pointi moja, na kwa hiyo moja wakatushinda.

"Shikamoo, Papa," nikasema, kifua wazi, baridi yote ile.

Mzee akamgeukia binti yake. "Alors, ni huyu ndio anataka kuoa mutoto yangu? Mbio iko nayo. Alakini kwenye anaenda hajue."

Nusura nisiende kuposa. Nilikwenda nimeandamana na wazee wangu, mzee akanitazama, akasema, "Bon. Utaoa. Alakini njia, Furaha ndio atakuwa anakuonyesha."

Filimbi nilishamrudishia kocha, sitaki hata kuiona. Na siku hizi tukitoka kwenye metro nasimama kwanza, namuuliza Furaha, "Kulia au kushoto?"

Shati silivui.