Kiazi cha Maji Yaliyotulia

Kila asubuhi, kabla mtu yeyote nyumbani hajatia kitu kinywani, mama mdogo Warsiti, Bulik kama tunavyomwita, huchukua kipande cha gadung kilichochemshwa, hukimega kidogo kama ukucha, hukiweka kwenye ncha ya ulimi, kisha huketi kizingitini mwa jiko akiwa ameshika nguzo. Hapo hasemeshwi. Mume wake, ambaye ni baba yangu mdogo, hungoja na sahani tupu mapajani. Maji yakichemka birikani, Bulik hutafuna, humeza, hungoja tena kidogo huku akivitazama vidole vyake kama vinatetemeka. Vinatetemeka kila siku. Mwisho hupumua na kusema, "Kuleni."

Gadung ni kiazi cha mwituni, na kina sumu. Sisi wa milima hii ya Wonogiri tumekila tangu mababu. Humenywa, hukatwa vipande vyembamba, husuguliwa majivu, huanikwa, kisha hutiwa kapuni na kulazwa mtoni mpaka maji yauchukue ubaya wake. Baada ya hapo hupikwa kwa mvuke na kuchanganywa na nazi, au hukaangwa na kuwa chipsi ambazo mgeni haziachi hadi auone mchoro wa sahani. Ukikosea, unalewa bila kileo. Ukikosea sana, unazikwa.

Bulik hakuzaliwa nayo. Kwao ni Rembang, pwani ya kaskazini, na baba yake alikuwa mvunaji wa chumvi. Huko gadung ilikuwa dawa ya panya. Bibi yake aliipondaponda, akaichanganya na mabaki ya samaki na kuiacha ghalani, na asubuhi watoto walitumwa kuokota panya kwa mikia. Warsiti mdogo alikatazwa hata kugusa kinu kile. Basi fikiria alivyojisikia alipoolewa huku milimani, na jioni ya kwanza akaona wakwe zake wanaila ile dawa ya panya kwa nazi, wanalamba vidole.

"Kula, binti," mama mkwe wake alimwambia. Huyo ndiye Mbah Ponirah, bibi yangu.

"Nimeshiba, Mama."

"Umeshiba nini? Upepo wa safarini?"

Kwa miezi kadhaa Warsiti alishiba upepo. Alikula wali na majani ya muhogo, na gadung ikipita aliisogeza kwa jirani. Lakini ilikuwepo siku ambayo asingeweza kuisogeza. Hapa kwetu mke mgeni hushinda mtihani mmoja kabla ya kukabidhiwa jiko: huandaa gadung yake mwenyewe, bila msaada, kuanzia majivu hadi sufuria. Majirani wanawake huja kushuhudia. Yeye hula kipande cha kwanza, mama mkwe hula cha pili kutoka sahani ileile. Mama mkwe akila, maana yake amekuwekea uhai wake mkononi. Asipokula, utabaki mgeni hata ukizaa watoto kumi.

Kiangazi kilipofika, Mbah Ponirah akamtupia kapu. "Zamu yako."

Warsiti alifanya kama alivyoona wengine wakifanya. Majivu yalimla vidole. Kapu akalilaza katikati ya mto, pale maji yanapopita kwa nguvu kati ya mawe mawili. Alfajiri moja alikuta kapu limeng'oka, limenasa kwenye mzizi kwa ncha tu, linataka kwenda. Alijitosa na nguo zake akalidaka. Moyo ulimdunda hata akasahau baridi. Angewaambia nini? Kwamba chakula cha mama mkwe kimekwenda na maji?

Kwa hiyo alilihamisha. Chini kidogo ya kivuko palikuwa na kidimbwi kilichotulia, maji maangavu, unaona hadi mchanga. Akalilaza hapo, akaridhika. Mtoto wa chumvi amefundishwa kuamini maji yaliyotulia. Chumvini maji yanayokwenda ni hasara, maji yaliyolala ndiyo yanayofanya kazi. Hakumwuliza mtu, na hapakuwa na mtu wa kumwambia, maana sharti lilikuwa bila msaada.

Siku ya kuonja, jiko lilijaa wanawake. Gadung ilikuwa imeiva kwa mvuke, nazi imekunwa, Warsiti anapakua. Tukinem, jirani ambaye mdomo wake haukujua likizo, alikuwa anachekesha watu.

"Mnamkumbuka mke wa Sarpan? Ameolewa jana, leo kaloweka gadung kwenye kidimbwi! Kidimbwi, jamani, kama anafuga bata! Baba mkwe akala sahani nzima. Si akatoka nje, akamwendea mbuzi, akainama mpaka chini. 'Shikamoo, Mtukufu, mmeamkaje huko kwenu?'"

"Na mbuzi?" mmoja akauliza.

"Akaitikia! Meee! Angefanyaje, na kaheshimiwa?"

Wanawake walicheka hadi wakashikana mabega. Warsiti hakucheka. Mkono wake uliganda juu ya nazi.

"We, mwana wa pwani," Tukinem akamwambia, "mbona umepauka? Samaki wa miiba humwogopi, waogopa kiazi?"

"Joto tu, Mama."

Mwenyewe anasema hapo ndipo alipopaswa kusema. Neno lilikuwa moja tu: kidimbwi. Lakini macho yote yalikuwa yamemgeukia, na mama mkwe ameshavaa kitambaa chake kizuri cha batiki, ameketi wima. Warsiti akajiambia kwamba kidimbwi chake kilikuwa safi kuliko cha mke wa Sarpan, akachukua kipande, akala.

Kilikuwa laini. Ladha hakuipata, kwani kinywa kilikuwa kimekauka kama kamba. Akameza. Akangoja. Midomo ikaanza kumfa ganzi. Au ni hofu? Moyo ulikwenda mbio, lakini ulikuwa unakwenda mbio tangu kile kicheko. Akajikagua mwili mzima akitafuta dalili moja ambayo ni ya sumu peke yake, asiipate. Kila alichokishika kingeweza kuwa woga.

"Haya, leta," Mbah Ponirah akasema, akanyoosha mkono.

Vidole vya mama mkwe vilishika kipande. Vikapanda. Warsiti aliona kinywa kinafunguka, meno mekundu ya tambuu, na kipande kinaelekea humo. Akaupiga ule mkono.

Kipande kiliruka. Sahani ikaanguka, gadung ikatapakaa hadi mlangoni.

"Astaghfirullahi! Kampiga mama mkwe!" Tukinem akapiga kelele.

Warsiti alitaka kueleza, lakini ulimi ulikuwa mzito, umekaa kinywani kama kitu cha mtu mwingine. Kuku wa nyumbani, ambaye hangoji kukaribishwa, aliingia na kudonoa vile vipande vya mlangoni, kimoja, cha pili. Mbah Ponirah alimtazama Warsiti, kisha akamtazama kuku. Wote wakamtazama kuku. Alitembea hadi uani vizuri. Akasimama kama amesahau alikokuwa anakwenda. Akakunja bawa moja, akazunguka, akalala ubavu.

"Mwekeni chini huyu mtoto!" Mbah Ponirah akasema. "Maji ya dafu, upesi!"

Warsiti alitapika mpaka hakubaki na kitu. Siku ile nzima paa lilimzunguka, akawa anang'ang'ania mkeka asidondoke juu. Kuku alikufa. Asubuhi mama mkwe aliketi karibu na kichwa chake.

"Uliloweka wapi?"

"Kidimbwini, Mama."

"Ulijua?"

"Nilijua Mama Tukinem aliposimulia."

"Na ukala?"

"Niliona haya kusema."

"Haya zako nusura zinizike." Mbah Ponirah akatema tambuu yake uani. "Nyanyuka. Twende mtoni."

Alimwonyesha jinsi ya kulifunga kapu kwa kamba kwenye jiwe, pale penye maji makali. Gadung ile ya pili ilipoiva, hakualika majirani. Aliweka sahani mbele ya Warsiti.

"Siwezi, Mama. Nisamehe. Siwezi."

"Basi hatuli sote. Mimi nimeila tangu sina meno, ulimi wangu umezoea, hauniambii tena kitu. Wako unaogopa. Kuanzia leo hapa ndani hakuna atakayetangulia ulimi unaoogopa."

Waliketi. Mume alikuja, akaona sahani imejaa na mama yake hagusi, akaketi naye. Chakula kilipoa. Warsiti alilia, akasema ataomba arudi kwao. Tumbo la mumewe liliunguruma kwa sauti. Mwishowe Warsiti alimega kipande kidogo kama ukucha, akakiweka kwenye ncha ya ulimi, akashika nguzo.

Ulimi haukufa ganzi. Akangoja. Akatafuna. Safari hii aliipata ladha.

Mbah Ponirah akala cha pili, kisha cha tatu, mpaka akamaliza, akamkabidhi funguo za ghala ya mpunga.

Sasa Mbah hayupo. Majirani wakitarajia wageni, hutuma kisahani kwanza kwa Bulik, hata Tukinem, ambaye siku hizi hatembei ila kwa fimbo. "Mpelekee mwoga wetu," husema. Bulik hukionja kila kisahani kwa hofu ileile, nguzo mkononi. Ile nguzo imeng'aa pale anapoishika.

Nimeishi kwake tangu nimalize chuo, na si desturi yangu kuulizauliza. Jana tu, alipokwisha kusema "Kuleni" na vidole vyake bado havijatulia, nilimwuliza: kama kiazi hiki kinamtisha hivi kila siku ya Mungu, na wali upo, na muhogo upo, kwa nini asiache kukila?

Alinitazama kama nimeuliza kitu cha ajabu. Akachukua kipande kingine, akakibonyeza kwenye nazi.

"Kwa sababu ni kitamu, binti."