Paa la Msonge wa Mama

Niliporudi Ushirombo na cheti cha ualimu, cha kwanza katika ukoo wetu, niliamua kumjengea mama msonge kwa hesabu, si kwa kukisia. Nilipima duara kwa kamba na kigingi, nikachora paa kwenye karatasi. Majirani walilisuka chini, kando ya ukuta, likabaki kunyanyuliwa tu. Mvua ilikuwa imekaribia na ukuta wa udongo ulikuwa wazi.

Wanaume waliinama. Nikasimama kando na karatasi yangu, nikaamuru, “Inueni!” Hakuna aliyeinua.

“Mwalimu, upande wako ni upi?” akauliza jirani mzee.

“Mimi naelekeza.”

“Hiyo karatasi ina mabega?”

Wakacheka, wakakaa chini. Kwetu, mwenye nyumba asipoingia chini ya paa lake, halipandi.

Nilibishana nao hadi matone ya kwanza yakaanguka. Nikavua koti, nikaingia chini ya fito nimefura kwa hasira. Mzee akaanzisha wimbo wa kunyanyulia, paa likapanda, likakaa ukutani sawasawa kama nilivyolipima. Wote wakamsifu mzee kwa kuongoza wimbo ule. Hesabu yangu hakuitaja hata mmoja.