Kibuyu cha Rael na Njia ya Sotik

Nilifunga safari ya Sotik kwa ajili ya mke wangu. Kwa miaka minne Rael anaishi huko kwa binti yetu Chepngetich, nami niko peke yangu huku juu ya Silibwet, na kosa ni langu. Siku wageni walipokuja kumposa Chepngetich, Rael alishusha kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya kugandisha, mbele ya wakwe, akamimina kikombe cha kwanza. Badala ya maziwa ikatoka chang'aa. Ni mimi niliyekuwa nimeyamwaga maziwa nikaificha pombe yangu humo, nikidhani kingeletwa kibuyu kile kingine. Hakunipigia kelele. Alikirudisha kibuyu msumarini pake. Chepngetich alipojifungua, Rael akaenda kumlea mtoto, na hakurudi.

Mwezi uliopita Chepngetich alinipigia simu. "Baba, hapa Sotik kuna kikundi cha watu walioacha pombe. Wanakutana Alhamisi saa nane, kwenye ukumbi ulio nyuma ya soko. Mama anajua ninakuambia." Maneno hayo ya mwisho ndiyo yaliyonishika. Nikakaa wiki tatu bila kuonja, nikitetemeka, kisha nikapiga koti pasi.

Saa tatu asubuhi nilishuka kwenda barabarani. Jirani yangu alikuwa anakata majani ya ng'ombe.

"Mzee, umependeza! Unaenda kuoa?"

"Naenda kwa daktari wa macho," nikasema. Hata jirani aliyenibeba mara nyingi kutoka mtaroni nilimdanganya.

Bomet mjini nilibadilisha gari. Kutoka hapo chai ilikuwa pande zote mbili, na wachumaji walikuwa ndani yake hadi kiunoni, vikapu mgongoni. Zamani Rael alikuwa akichuma hivyo kwa mikono miwili bila kutazama, huku akinisimulia habari za kanisani. Nilikuwa nikimwambia anyamaze, kichwa kinauma. Sasa ningelipa chochote nimsikie akisimulia nani aliimba vibaya.

Sotik nilifika saa saba na nusu. Muuza viatu pale sokoni aliniuliza natafuta nini. Kusema "kikundi cha walevi" kulinishinda. Nikasema, "Mkutano wa wazee." Akanionyesha mlango wa ukumbi, nikaingia, nikaketi nyuma.

Watu walikuwa wengi, na mwenyekiti alizungumza juu ya chakula cha ng'ombe. Nikafikiri labda ndivyo wanavyoanza. Alizungumza pia juu ya kupe na bei ya dawa. Saa nane ikapita. Kisha akaninyooshea kidole.

"Mzee mgeni, wewe una ng'ombe wangapi wa maziwa?"

"Nilikuwa nao wanne," nikasema. "Niliwanywa."

Ukumbi mzima ulicheka. Mtu mmoja akapiga meza. "Huyu anamnywa ng'ombe na pembe zake!" Lakini mama mmoja mwenye sweta ya kijani hakucheka. Alikuja akainama sikioni mwangu.

"Baba, nafikiri wenzako wako chumba cha nyuma. Twende, hata mimi nimechelewa."

Chumba cha nyuma kilikuwa na watu tisa na birika la chai. Majina yao nimeyaacha hukohuko, kama tulivyokubaliana. Kulikuwa na fundi kutoka upande wa Kisii, mwalimu, na kijana aliyefukuzwa kazi kwenye shamba la chai. Huyo mama alisema yeye alipika chang'aa kwa miaka mingi, akaishia kuinywa yote mwenyewe. Zamu yangu ilipofika niliwaambia habari ya kibuyu. Hakuna aliyecheka.

"Kibuyu hicho bado unacho?" mama akauliza.

"Nimekiosha kwa majivu, nimekisugua kwa mkaa. Bado kinanuka."

"Kitanuka hadi utakapokufa, baba. Kitupe. Panda kingine."

"Na mke wangu yuko hapahapa Sotik. Nimpitie leo?"

Fundi akatikisa kichwa. "Wiki tatu tu, mzee? Ukianguka tena, utamwangusha naye. Njoo kwanza Alhamisi ijayo."

Saa kumi tuliachana. Pale njia panda ya kwenda kwa Chepngetich nilisimama muda mrefu. Niliona bati la nyumba yao, na nguo za mtoto kwenye kamba. Mtu alitoka kuzianua. Sikuweza kumtambua kwa umbali ule, na nilijilazimisha nisisogee. Nikapanda gari la Bomet.

Alhamisi iliyofuata nilirudi Sotik. Jirani aliponiuliza juu ya macho yangu, nilimwambia ukweli. Mama wa sweta ya kijani alinipa mbegu za kibuyu zilizofungwa kwenye karatasi, nikazipanda kando ya ua. Safari yenyewe ni ya asubuhi moja tu. Kilichonichelewesha miaka minne ni kuona haya kuuliza njia.

Jioni hiyo nilimpigia Chepngetich, nikamwambia nimeenda mara mbili na nimepanda kibuyu. Nilisikia sufuria zikigongana kwao, mtoto akilia, kisha nyuma ya hayo yote sauti ya Rael, ya kwanza kwangu tangu aondoke.

"Muulize kama amekula."