Kaburi Halikungoja Ndege

Pikipiki ilimshusha Bitutu kilomita chache kutoka Sotik, mbele ya lango asilolijua. Shamba hili lilinunuliwa kwa jasho lake la miaka sita ya kulea watoto wa watu huko Ghuba, naye hakuwahi kulikanyaga. Ilibidi amuulize mwanamke aliyekuwa akichuma chai kando ya njia.

"Kwa Omwenga ni hapa?" aliuliza, kwa jina la baba yake.

"Ni hapa. Lakini matanga yaliisha, dada."

Alijua. Jumamosi alfajiri, akiwa ameketi ndani ya ndege, alimwandikia kaka yake Onyiego: Tunaruka sasa. Onyiego, mtu wa pupa tangu utotoni, akawaambia vijana washike majembe wachimbe kaburi la mama yao. Baada ya saa tatu angani, rubani alitangaza kwamba onyo limetolewa: makombora yanavuka anga ya mbele, ndege za abiria zisipite. Wakageuza. Abiria walipiga makofi kumshukuru Mungu. Bitutu peke yake aliomba wapite tu.

Saa nane mchana alipiga simu kutoka uwanja uleule alikoondokea. "Mningoje. Nimwone mama uso tu." Lakini shimo lilikuwa tayari, na kwao kaburi lililochimbwa halilali wazi; likilala, litamwita mwingine wa nyumba hiyo. Wazee hawakubishana hata dakika tano.

Leo ni Jumatano. Anga ilifunguliwa jana, naye akapata ndege. Shangazi Nyabate alimkumbatia. "Kumbe umenona hivi! Hao watu wanakulisha nini?" Hakuna aliyecheka. Onyiego alisimama ng'ambo ya udongo mwekundu wa kaburi.

"Si ungetua kwanza ndipo uandike," alisema.

"Si ungengoja nitue."

"Kwani ni mimi nilifunga anga?"

"Hapana. Wewe ulifungua kaburi."

"Wacheni!" Shangazi alifoka. "Hao wanaopigana huko, wanamjua mama yenu?"

Simu ya Bitutu ikalia. Ni mwajiri: anga bado iko wazi, arudi kabla haijafungwa tena, likizo yake ya siku saba ilianza kuhesabiwa Jumamosi. Akauokota mkoba ambao hakuwa hata ameufungua.

"Hulali hata siku moja?" Shangazi aliuliza.

"Wakifunga nikiwa hapa, kazi imeenda. Karo ya watoto wa huyu utalipa wewe, shangazi?"

Alimwelekezea Onyiego kidevu. Onyiego akanyoosha mkono apokee mkoba, amsindikize hadi barabarani. Bitutu aliupita ule mkono, akaupanda mlima wa kurudi barabarani peke yake.